Kupanga Chapa kwa Amri na kwa Madirisha

Wabishanao juu ya programu za kupangia kurasa za vitabu huuliza kwanza ni ipi iliyo rahisi. Kwa maoni yangu swali hilo ni dogo. Mhariri wa tenzi yampasa aulize: baada ya miaka 30, nani ataweza kuifungua kazi yangu na kuisahihisha?

Mwaka 1977 Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyechukizwa na chapa ya majaribio ya kitabu chake mwenyewe, alianza kutengeneza TeX. Mtumiaji wake huandika maneno na amri katika faili ya maandishi matupu, kisha huiachia kompyuta kupanga ukurasa. Mwaka 1990 Knuth alitangaza kwamba hataongeza jambo tena isipokuwa kusahihisha makosa. PageMaker, iliyotoka mwaka 1985 na kumwonyesha mtu ukurasa wenyewe kiooni, ilikoma katika toleo la 7 la mwaka 2001, na faili zake hazisomeki bila programu izijuayo. Faili ya TeX yasomeka kwa macho, hata TeX yenyewe ikitoweka.

Tuchukue utenzi wa beti 500. Mwenye kuandika amri huamua mahali pamoja tu nafasi ya baina ya beti, nazo zote humtii. Ni kweli kwamba programu za madirisha zina mitindo yenye majina ifanyayo kazi hiyo hiyo. Lakini hazimlazimishi mtu, naye mvivu huusogeza ubeti huu kwa kipanya na ule kwa kubonyeza nafasi tupu. Kuzisafisha faili za namna hiyo ni adhabu.

Hata hivyo, wapenzi wa amri hukosea wadaipo kwamba uzuri wa aya za TeX watokana na amri. Watokana na hesabu ya Knuth na Michael Plass, iliyochapishwa mwaka 1981, ipimayo aya nzima kabla ya kuamua mistari ikatwe wapi. Na InDesign, iliyotoka mwaka 1999, ina njia kama hiyo ndani ya madirisha yake. Tena jicho lina haki yake: vina vya kati visipolingana wima, atazamaye ukurasa huvigundua upesi kuliko asomaye amri.

LyX, iliyoanza mwaka 1995, yajaribu kupatanisha: madirisha mbele, LaTeX nyuma, na faili yake ni maandishi matupu. Mhariri asiye na subira ya kujifunza amri na aanzie huko. Ila kabla hajaunakili ubeti wa pili, mtindo wa ubeti uwe umekwisha kupewa jina.