Mavazi Mbele ya Kamera

Mtu akisikia habari za picha za mavazi mazuri, upesi hufikiri ni mambo ya anasa ya miji mikubwa, yasiyohusu vilima vyetu. Lakini sisi tuliokusanyika kutoka Masisi na Walikale, akina mama, vijana na makatekista, kutazama picha za wapiga picha wawili zilizochapwa vitabuni, tulishindana juu yake mchana kutwa, hata chakula kikapoa.

Wa kwanza ni Seydou Keïta wa Bamako, nchi ya Mali, aliyefariki mwaka 2001. Mwaka 1948 alifungua studio yake, akawapiga watu wa mji uani kwa mwanga wa jua. Nyuma yao alitundika kitambaa chenye mapambo. Hapo mwanzo kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Asiye na suti, saa ya mkono, kalamu wala redio aliazimwa. Hata pikipiki ya Vespa ilikuwapo. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi alipiga picha moja tu, basi. Mtu alipaswa kukaa sawasawa.

Hapo ndipo mashindano yalipoanza. Kijana mmoja alisema: saa ya kuazima ni uongo. Mama mmoja wa Walikale akamjibu kwa kumwuliza nani kati ya watoto wetu alinunuliwa gauni jeupe la Komunio ya kwanza. Kweli, gauni lile hupita kutoka dada hata mdogo wake, kutoka jirani hata jirani, wala hatujasikia padri akimfukuza mtoto kwa kuwa amevaa la kuazima. Sisi twakubaliana na mama. Watu wa Bamako hawakumdanganya mtu. Waliagiza picha zao, wakazilipia, wakazipeleka nyumbani kwao. Tazameni yule mwanamke aliyelala ubavu, nguo yake ina maua na kitambaa cha nyuma kina maua, mpaka mwili wake karibu unapotea ndani ya mapambo. Kisha uso unatokea. Hakuna aliyemwamuru awe na huzuni.

Wa pili ni Richard Mosse, mtu wa Ayalandi, na huyu alifika kwetu. Tangu mwaka 2010 alipiga picha Kivu kwa filamu ya Kodak iitwayo Aerochrome, iliyotengenezwa kwa ajili ya majeshi. Majani mabichi hurudisha mwanga ambao macho yetu hayauoni, na filamu ile huugeuza kuwa rangi ya waridi au nyekundu. Kitu kilichopakwa kijani ili kijifiche msituni hakirudishi mwanga ule vivyo hivyo, nacho hugunduliwa. Kazi yake The Enclave ilionyeshwa Venice mwaka 2013. Basi, malisho yetu ni ya waridi, miti ni ya waridi, na katikati yamesimama majeshi ya porini, kijana na bunduki yake, kofia imepindwa kidogo, akitazama kamera kama mtu anayeonyesha suti mpya.

Twasema wazi kwamba picha hizi ni nzuri, na shida yetu ni hiyo. Bwana Mosse alitaka dunia iliyochoka na habari zetu itazame tena, na nia hiyo hatuidharau. Tena hila yake ina akili: filamu ya kufichua adui imetumika kuonyesha vita visivyotazamwa. Lakini vijana wetu walipofika kwenye ukurasa wa askari, hawakuona vita. Waliona vazi. Mmoja alisifu miwani, mwingine viatu. Sare nayo ni mtindo wa mavazi, nayo huwavuta wavulana kuliko hotuba. Wazazi wa Masisi wanajua hilo kwa uchungu. Kwa mtu wa Ulaya rangi ile ni ajabu inayomwamsha. Kwa mtoto wa hapa inaweza kuwa pambo juu ya bunduki.

Jambo jingine. Mwaka 1991 picha za Keïta zilipoonyeshwa New York, jina lake halikuandikwa. Ilibidi atafutwe baadaye, naye akapatikana Bamako. Jina la Mosse laandikwa kila mahali. Majina ya wale waliosimama mbele yake, twayatafuta chini ya picha nyingi bila kuyapata.

Wengi wetu tumekimbia nyumba zetu zaidi ya mara moja. Mtu hubeba sufuria, godoro na mtoto; picha za arusi hubaki ukutani na kuungua pamoja na nyumba. Ndiyo maana yule mama wa Walikale hakutaka kufunga kitabu cha Keïta. Alikuwa akitazama vilemba kimoja kimoja, akituonyesha kwa kidole jinsi shangazi yake alivyokuwa akifunga chake siku ya Pasaka.