Mtu Hauzwi: Juu ya Lugha ya Uhamisho wa Wachezaji

Yeyote asikilizaye habari za michezo redioni, au azisomaye magazetini, hukutana kila msimu na maneno haya: mchezaji fulani "ameuzwa", fulani "amenunuliwa", na wa tatu "ametolewa kwa mkopo". Tumeyazoea maneno hayo hata hatuyasikii tena. Katika makala haya tunakusudia kuyapima, kwani lugha ya michezo ni lugha ambayo vijana wetu huisikiliza kwa hiari, bila ya kuamrishwa na mwalimu. Na lile walipokealo kwa hiari ndilo likaalo.

Tuchukue mfano wa Mbwana Samatta. Mwaka 2011 alitoka Simba ya Dar es Salaam akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, na mwaka 2015 akatwaa nayo ubingwa wa klabu za Afrika. Mwaka 2016 alihamia Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 aliingia Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Baadaye alicheza Uturuki, Ubelgiji tena, na Ugiriki. Katika safari hiyo mara nyingi tuliambiwa kwamba ameuzwa. Je, ni nini hasa kilichouzwa?

Si mtu. Klabu yenye mkataba na mchezaji hulipwa fidia ili ikubali mkataba huo uvunjwe kabla ya muda wake. Na mchezaji mwenyewe asipotia sahihi mkataba mpya, hakuna uhamisho. Haki hiyo haikuja yenyewe. Huko Uingereza zamani klabu iliweza kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha. George Eastham, aliyekuwa mchezaji wa Newcastle, aliupinga utaratibu huo mahakamani, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce aliamua kwamba ulimzuia mtu isivyo haki kufanya kazi yake. Jaji huyo alikuwa kilembwe wa William Wilberforce, yule aliyepigana bungeni dhidi ya biashara ya watumwa. Kisha, tarehe 15 Desemba 1995, katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba raia wa nchi za Umoja wa Ulaya aliyemaliza mkataba aweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya Umoja huo bila ya klabu yake ya zamani kudai malipo.

Basi wachezaji walikwenda mahakamani ili wasiwe bidhaa. Nasi kwa ndimi zetu twawarudisha sokoni. Twafanya hivyo katika pwani ambayo soko lake la watumwa, pale Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873. Kwetu sisi, neno "kuuzwa" likitajwa juu ya mtu si neno jepesi.

Neno "mkopo" nalo lina kasoro mbili. Kwa Kiswahili fasaha, akopaye hurudisha mfano wa alichokichukua: akikopa shilingi mia hurudisha shilingi mia nyingine. Arudishaye kitu kile kile ameazima. Kwa hiyo, hata kama mchezaji angekuwa jembe, angeazimwa, asingekopwa. Kasoro ya pili ndiyo kubwa: yeye si jembe.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni maneno tu. Hatukubali. Neno "kuuza" huficha deni, maana muuzaji akishalipwa mambo yamekwisha. Kumbe kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapohamia nchi nyingine kwa fidia kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya fidia hiyo ni haki ya klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Hayo ni malipo ya malezi. Klabu ndogo iaminiyo kwamba kijana wake "aliuzwa" zamani haitaidai haki hiyo, wala haitaona sababu ya kutunza kumbukumbu za usajili zithibitishazo kwamba ilimlea.

Lugha hiyo huzaa pia lawama. Aliyekwenda ng'ambo huambiwa kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Na tazama jinsi utumwa unavyorudi tena kinywani. Lakini Samatta alikuwa Ubelgiji alipoiongoza, akiwa nahodha, timu ya taifa iliyofuzu kwenda fainali za Afrika za mwaka 2019, baada ya kuzikosa kwa miaka 39. Huyo hakukataa kwao.

Maneno bora tunayo: kusajiliwa, kuhama, kuhamishwa kwa muda, fidia ya mkataba, malipo ya malezi. Tunawasihi walimu wawape wanafunzi ukurasa wa michezo wa gazeti lolote, wauandike upya kwa maneno hayo, kisha waulizane darasani: nani alikubali, nani alilipwa, na nani aliyemlea kijana huyu bado anadai? Hayo ndiyo maswali ambayo lugha ya soko imetunyima kwa muda mrefu.