Fundi wa Mtandao Hupimwa Umeme Ukirudi

Ngoro, kilimo cha mashimo na matuta cha Wamatengo, haisifiwi siku ilipolimwa. Majani yamekatwa na kupangwa kwa safu zinazokatizana juu ya mteremko, udongo wa katikati umechimbwa na kuyafunika, na kilima kizima cha Mbinga kinaonekana kama wavu ulioanikwa. Bado hakuna anayejua kama kazi ni nzuri. Mvua kubwa ya kwanza ndiyo huamua. Ama kila shimo linatuliza maji yake, ama tuta moja linapasuka na kuliangushia mzigo shimo la chini. Kazi ya kurekebisha mtandao kwenye seva ya Linux inastahili kipimo kama hicho, lakini kwa kawaida hupewa kipimo cha siku ya kulima: ukurasa umefunguka, fundi kalipwa, basi. Mvua yake ni umeme. Songea ilitegemea sana jenereta za dizeli hadi laini ya kilovolti 220 ilipofika kutoka Makambako mwishoni mwa miaka ya 2010, na hata sasa, kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, seva isiyotarajia kuzimika ghafla imejengwa kwa matumaini.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kuangalia ni mahali rekebisho lilipoandikwa. Anwani iliyowekwa kwa amri ya ip addr add, au njia iliyoongezwa kwa ip route add, hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukikatika inapotea, na ofisi inaamka na tatizo lilelile. Amri hizo ni nzuri kwa kujaribia. Jibu likishapatikana, mahali pake ni faili la Netplan kwenye Ubuntu, au NetworkManager kwenye mifumo inayoitumia. Faili la /etc/resolv.conf nalo lina mengi ya kusimulia. Mara nyingi husimamiwa na programu nyingine, kwa hiyo likihaririwa kwa mkono hufutwa na kuandikwa upya. Ukikuta limefungwa kwa chattr +i ili lisiguswe tena, ujue fundi alishindwa kumjua mwandishi wa faili akaamua kumfungia mlango. Linafanya kazi, ndiyo. Atakayebadilisha mtoa huduma mwakani ndiye atakayelipia.

Kipimo cha pili kimo katika maneno ya fundi. “Mtandao hakuna” si uchunguzi. Fundi hodari huigawa njia vipande: kebo imeshika? Kadi ina anwani? Kuna njia ya kutokea? Lango linajibu? Anwani ya nje inajibu? Jina linageuzwa kuwa anwani? Kila swali likijibiwa, eneo la kutafuta linapungua. Anatofautisha pia muunganisho uliokataliwa na ule uliosubiriwa hadi muda ukaisha. Kukataliwa ni jibu: mara nyingi pakiti zimefika, ila hakuna huduma inayosikiliza mlangoni. Ukimya ni kitu kingine, pengine ukuta wa ulinzi unazimeza pakiti njiani. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku kama hiyo lango linajibu, mtoa huduma anajibu, na ng’ambo kimya. Kazi bora kabisa hapo ni kutogusa seva. Aliyesakinisha mfumo upya alifanya kazi nyingi na mbovu.

Mashine pepe ndizo humchuja fundi barabara. VirtualBox, ikiachwa kwenye NAT yake ya kawaida, huipa mashine anwani 10.0.2.15; mbili zikiwa na anwani hiyo kwenye kompyuta moja hazigongani, kwa kuwa kila moja ina mtandao wake uliofungwa. Anayeanza kuzibadilisha anatibu ugonjwa usiokuwepo. Kinyume chake, mashine mbili za Ubuntu zilizonakiliwa kutoka moja zinaweza kugombania anwani ya DHCP ingawa anwani zao za MAC ni tofauti, kwa sababu zimebeba /etc/machine-id moja. Na daraja la mtandao lililofungwa juu ya waifai hushindwa mara nyingi, maana kituo cha waifai hakizoei kupokea anwani ya MAC ya pili kutoka kwa mteja mmoja. Kwa daraja kama hilo, mjuzi hahangaiki na mipangilio ya mgeni, yaani mashine pepe. Anaitazama mashine mwenyeji kwanza.

Kuna atakayesema huu ni ustaarabu wa watu wenye muda. Zahanati ya Liuli inataka kutuma taarifa leo, na kuzima na kuwasha hutibu mengi. Kweli hutibu. Lakini kuzima pia hufuta ushahidi. Dakika mbili za kuhifadhi matokeo ya ip route na kumbukumbu za mfumo hazimcheleweshi mgonjwa. Haraka ya kuzima ukuta wa ulinzi wote ili huduma moja ipite ni mbaya zaidi, kwani hata mlango uliopaswa kubaki umefungwa umeachwa wazi. Tena umbali wenyewe unadai uangalifu. Fundi aliyeko Songea akiihariri kwa mbali seva ya Mbamba Bay, kosa moja linamfungia nje, na barabara ya kushuka ziwani si fupi. Amri ya netplan try hurudisha mipangilio ya zamani baada ya sekunde 120 asipothibitisha. Kumwona akiitumia bila kuambiwa kunanitosha kuliko vyeti ukutani.

Kabla ya kulipa, basi, omba seva izimwe na kuwashwa mbele yako, huku fundi amekaa bila kugusa kibodi. Kisha fungua faili alilobadilisha. Juu ya mstari mpya pawe na maelezo mafupi: tarehe, kilichokuwepo, na sababu ya kukibadilisha.