Kutoka Mshenzi hadi Shenzi: Jina, Rangi na Mwendo wa Fisi katika The Lion King

Ikisiri
Makala hii inachunguza namna rangi, umbo na mwendo vinavyosawiri wema na uovu katika filamu ya katuni ya The Lion King (1994), kwa kumtazama fisi aitwaye Shenzi. Inadai kuwa jina hilo, likisomwa kwa kuzingatia historia ya njia ya misafara ya Tabora, linafichua kazi iliyofanywa na mchoro: kuigeuza hadhi ya kijamii kuwa maumbile.

1.0 Utangulizi
Katika filamu hii, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, mtazamaji hahitaji maneno ili atambue nani mwema. Mufasa ana mwili wa rangi ya dhahabu, kifua kipana na hatua nzito zilizonyooka. Scar ana manyoya meusi ya shingoni, uso uliochongoka, macho ya kijani na makucha yasiyorudi ndani. Mwendo wake ni wa kunyata. Fisi ni wa kijivu, migongo yao imeteremka, na katika wimbo wa Scar wanapita kwa gwaride linalokumbusha Ujerumani ya Wanazi. Hayo mtazamaji wa Chicago na wa Tabora huyaona sawasawa. Tofauti kati yao huanzia kwenye jina.

2.0 Neno na Njia
Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa kitovu cha njia iliyotoka Bagamoyo. Hapo njia iligawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo na shanga zikapanda bara. Pamoja na bidhaa hizo yalisafiri madaraja ya watu: muungwana na mshenzi. Kwa mtu wa pwani, mshenzi alikuwa mtu wa bara. Hata hivyo, kama inavyodhihirika katika kazi za Glassman (1995) na Rockel (2006), mpaka huo ulivukika. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyerudi kutoka pwani na mavazi, lugha na pengine dini ya huko aliweza kudai uungwana mbele ya waliobaki nyumbani.

Kiisimu, neno mshenzi lina kiambishi m- cha ngeli ya watu. Ni tusi, lakini linamtaja mtu, tena kwa kumlinganisha na mtu mwingine. Filamu imelitwaa shina tupu. Walowezi wa Kiingereza katika Afrika Mashariki walikwisha kufanya hivyo, wakilitumia shina hilohilo kwa kitu chochote duni. Kiambishi kilipodondoka, utu nao ulidondoka.

3.0 Hadhi Kugeuzwa Maumbile
Kwa mtazamo wa semiotiki, jina ni ishara ya makubaliano, ilhali rangi na umbo hufanya kazi kwa mfanano. Vikiunganishwa, mfanano huyapa makubaliano sura ya ukweli wa asili. Mpagazi aliweza kubadili nguo. Fisi hawezi kubadili ngozi. Simba anaondoka, anapotoka, kisha anarejea na kupokewa. Fisi hawana safari ya namna hiyo. Wanaishi nje ya mpaka wa nuru, katikati ya mifupa na pembe za tembo. Kwa msomaji anayejua biashara iliyoikuza Tabora, mandhari hayo ni mazito: bidhaa iliyowavuta watu wa pwani hadi bara imebaki kuwa pambo la makazi ya waovu.

Yawezekana kudai kwamba jina pekee halina nguvu hiyo. Pumbaa naye ana jina la dharau, linalotokana na kitenzi kupumbaa, lakini anapendwa. Hoja hiyo ni sahihi, nayo inathibitisha dai letu: umbo la mviringo na mwendo wa kuchekesha humwokoa Pumbaa na jina lake, ilhali rangi ya kijivu na mgongo ulioteremka hulikaza jina la Shenzi. Katika toleo la Jon Favreau la 2019, rangi zimepunguzwa zifanane na za wanyama halisi. Fisi wawili walipewa majina mapya, Kamari na Azizi. Shenzi akabaki Shenzi.

Fisi wa ngano zetu hakusawiriwa hivyo. Methali husema njia mbili zilimshinda fisi: alinusa nyama kwenye njia panda, akataka zote mbili, akapasuka. Ni mlafi na mjinga, lakini kosa lake ni uamuzi alioufanya. Msimulizi hakuhitaji kumpaka rangi.

4.0 Hitimisho
Mfasiri atakayeitia filamu hii sauti za Kiswahili atakabiliwa na swali ambalo waigizaji wa Kiingereza hawakulazimika kulijibu: je, mtoto wa Tabora asikie uovu ukiitwa kwa neno walilobandikwa mababu zake? Watunzi wa katuni za Kiswahili nao wana la kujifunza. Mhusika mwovu anaweza kuchorwa kwa rangi yoyote, mradi matendo yake ndiyo yanayomhukumu na njia ya kurudi haijafungwa.