Oliver alimfunga Lil mkono wa kulia

Ukiisikiliza tena "Weather Bird Rag", santuri ya kampuni ya Gennett ya Aprili 1923, achana kwanza na koneti. Itafute piano. Iko chini kabisa, mipigo minne, mipigo minne, bila hata kupumua. Anayepiga ni Lil Hardin, mwanamke aliyesomea muziki Chuo Kikuu cha Fisk, na King Oliver, kiongozi wa bendi, anamtumia kama mgonga ngoma.

Haikuwa bahati mbaya. Lil mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kila alipojaribu kutia vikorombwezo, Oliver alimkumbusha kuwa bendi inayo klarineti. Najua utetezi: koneti mbili, klarineti na tromboni, huko juu kumeshajaa. Sawa, na huku chini? Banjo ya Bill Johnson inapiga mipigo ileile. Mtaniambia studio ilinasa sauti kwa pembe, ngoma kubwa haikutakiwa, mpiga ngoma Baby Dodds akabaki na vibao vyake, kwa hiyo piano ikaziba pengo. Pengo lipi, na banjo imekaa hapohapo? Watu wawili wamepewa kazi ya mmoja, na mkono wa kulia wa mpiga piano umekaa bure. Katika "Chimes Blues", ya siku hizohizo, aliachiwa upenyo, piano ikalia kama kengele. Kumbe uwezo ulikuwepo!

Mabreki ya koneti za Oliver na Louis Armstrong hayana dosari. Tuendelee.

Mjini Chicago, mwaka uliofuata, mpiga piano Lovie Austin alirekodi "Steppin' on the Blues" akiwa na koneti ya Tommy Ladnier na klarineti ya Jimmy O'Bryant, basi. Hakuna ngoma, hakuna besi. Mkono wa kushoto unabeba wimbo mzima, wa kulia unajibizana na klarineti, na hawakanyagani popote. Tofauti ni kwamba pale bosi alikuwa Lovie. Nimelisema hili mara nyingi na bado naulizwa Lovie ni nani.

Wachambuzi nao huzishika santuri za Oliver za 1923 kama ushahidi kwamba Lil alikuwa mpiga piano wa kawaida tu, mke wa Louis. Desemba 1928 Louis aliurudia wimbo uleule, sasa ukiitwa "Weather Bird", akiwa na mpiga piano Earl Hines. Hines akaruka atakako, mkono wa kulia ukilia kama tarumbeta, na kwa hilo anasifiwa mpaka leo. Yeye hakuna aliyemkumbusha kwamba tarumbeta tayari lipo.