Matumbawe Sebuleni: Kichujio Kilichoondolewa Berlin

Anayetaka kufuga matumbawe nyumbani huanza kwa kuulizia kichujio, na wauzaji wa vifaa hawachoki kumjibu. Lakini mbinu iliyowawezesha watu wa kawaida kukuza matumbawe magumu sebuleni ilifaulu kwa kukiondoa kichujio cha bakteria. Ilikomazwa na wafugaji wa Berlin katika miaka ya 1970 na 1980, Dietrich Stüber akitajwa kuliko wengine. Walibakiza mawe hai, kitoa povu, taa kali na maji ya chokaa. Mpangilio huo ungali msingi bora wa kupangia bajeti ya tangi, na sababu zake ni za kikemia.

Kinyesi cha samaki na masalio ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Vichujio vya matone vilivyovuma Uholanzi na Marekani katika miaka ya 1980, maji yakidondokea vipira vya plastiki katikati ya hewa, viliifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa, ila viliishia hapo. Bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni huhitaji mahali pasipo na oksijeni, na kwenye vipira hivyo oksijeni imejaa tele. Basi nitrati ikawa inarundikana. Samaki wengi huivumilia. Matumbawe, yaliyozoea bahari isiyo na rutuba, hudhoofika huku mwani ukinenepa. Jiwe hai, yaani kipande cha mwamba wa matumbawe ya kale chenye vitundu na viumbe vyake, hubeba kazi zote mbili: bakteria wa juu hushughulikia amonia, na wa ndani, ambako oksijeni ni haba, huimaliza nitrati. Tena halili umeme.

Kitoa povu chenyewe huwahi uchafu kabla haujaoza. Viputo vidogo hupandishwa ndani ya mrija, protini na mafuta hunasa kwenye ngozi zake, na povu hupanda hadi kikombe cha juu na kuacha majimaji ya kahawia kama chai ya rangi, yenye harufu mbaya. Kinachomwagwa kutoka kikombe hicho hakigeuki tena amonia ndani ya tangi. Mpinzani atauliza kama kifaa hicho ni cha lazima, na ana ushahidi: mfugaji Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza mwaka 1961 tangi lililoendeshwa kwa mawe hai na viputo vya hewa tu, na mwanasayansi Jean Jaubert alifaulu Monaco kwa tabaka nene la mchanga lililoinuliwa juu ya nafasi ya maji. Ni kweli. Lakini matangi ya namna hiyo hudai samaki wachache na mkono mwepesi wa kulisha, na mfugaji mgeni ndiye hasa asiyeweza kujizuia kuongeza samaki. Kitoa povu humpa nafasi ya kukosea.

Maji ya chokaa, aliyoyatetea mfugaji Peter Wilkens, ndiyo sehemu ninayoiona ya werevu zaidi. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati, kwa hiyo tangi lililojaa matumbawe huishiwa. Wakati huohuo maji huvukizwa na chumvi hubaki, na lazima pengo lijazwe kwa maji yasiyo na chumvi. Wafugaji wa Berlin waliunganisha mahitaji hayo mawili: maji ya kujazia yalikorogwa na chokaa iliyozimwa, yakaachwa yatuame, kisha yale maangavu ya juu yakadondoshwa polepole usiku. Usiku, kwa sababu taa zikizimwa usanisinuru hukoma, kabonidioksidi huongezeka na pH hushuka, nayo chokaa huirudisha juu. Ukiimwaga kwa pupa pH hupaa na maji hugeuka maziwa. Njia hii ina mpaka: chokaa huyeyuka kidogo tu, chini ya gramu 2 kwa lita, na tangi lenye matumbawe magumu mengi hunywa kalsiamu nyingi kuliko maji ya kujazia yanavyoweza kubeba. Hapo pampu za kudondosha kalsiamu na kabonati kando kando zina haki yake.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mawe hayo hung'olewa baharini. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na biashara ya mawe hai huguswa nao. Wengi sasa huanza na mawe makavu au ya kutengenezwa, wakiyapandia bakteria. Gharama yake ni muda: mawe hayo huchukua miezi kukomaa, na mwani mbaya huyatangulia matumbawe. Mbinu yenyewe haibadiliki, mradi jiwe liwe na vitundu. Nayo matumbawe hayalazimiki kutoka baharini, kwani vipande vya Acropora, tumbawe gumu la Stüber, vilikatwa na kupitishwa kutoka tangi hadi tangi, vikaendelea kukua kwa wafugaji wengine.