Namba moja inayogomesha programu: CMake 4 na kompyuta zetu

Mto Ruaha Mkuu hukusanya maji bonde la Usangu, Mbeya, kisha huteremka kuelekea Iringa. Tangu 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Sasa tuchukulie wanafunzi wawili wanaokokotoa maji hayo kwa programu moja ya C++. Wa Mbeya ana kompyuta mpya yenye CMake 4, chombo kinachoandaa ujenzi wa programu. Wa Iringa anatumia ya maabara, Ubuntu 20.04 yenye CMake 3.16. Skripti ya ujenzi ni ile ile, na inaanza hivi:

cmake_minimum_required(VERSION 2.8)

Iringa programu inajengeka. Mbeya inagoma papo hapo, kabla hata msimbo haujaguswa. Kisa? CMake 4.0 ya Machi 2025 iliacha kukubali miradi inayotaja namba iliyo chini ya 3.5.

Je, tuwalaumu CMake? Kiasi. Onyo kuhusu namba ndogo kama hii lilianza toleo la 3.19, mwaka 2020, kwa hiyo hawakukurupuka. Lakini kompyuta ya Iringa ina 3.16, onyo hilo halikuwahi kuifikia! Anayebaki na mashine ya zamani haambiwi kwamba kazi yake inaelekea kukwama kwa mwenzake.

Ujumbe wa kosa nao unatoa njia ya mkato: ongeza -DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5 ujaribu hivyo hivyo. Inasaidia leo, ila tiba inabaki kwenye kompyuta moja na skripti inabaki na ugonjwa wake.

Lawama kubwa zaidi ni yetu waandishi wa skripti. Wengi tunanakili mstari huu bila kuuliza maana yake. Namba hiyo haitaji kima cha chini tu, inaiamuru pia CMake mpya ifuate tabia za toleo hilo la zamani. Wengine wakiona kosa wanaruka hadi 3.28, na hapo Iringa ndiyo inafungiwa nje. Ni kweli CMake mpya inapatikana kwa pip bila kubadili mfumo mzima, lakini kwa nini mtu achome bando kwa sababu ya namba ambayo programu yenyewe haiihitaji?

Suluhisho lipo tangu toleo la 3.12, nalo ni zuri: andika masafa.

cmake_minimum_required(VERSION 3.16...3.31)

Maana yake: inahitaji angalau 3.16, na imeshaandaliwa kufuata tabia mpya mpaka za 3.31. CMake 4 inaupokea mstari huu bila shida.

Ila masafa ni ahadi. Kama hujaijenga programu kwenye 3.16 na kwenye toleo jipya, umeandika namba za kubahatisha. Kabla ya kusambaza skripti, ijaribu kwenye mashine kuukuu kuliko zote mlizo nazo, kisha kwenye mpya kuliko zote. Matokeo ya hapo ndiyo yakupe namba za kuandika.